Sauti ya Tatu

Jina lake limeliwa na fotokopi.
Nakala ya nakala ya nakala:
zimebaki herufi mbili na mwaka
unaoanza na moja,
tarakimu nyingine madoa.
Sisi tunamwita Mjerumani wa Kale.

Tunacho ukurasa wake mmoja tu, wa Noeli,
do re mi kwa nukta na koloni.
Aliyeunakili kwa wino alisinzia
kwenye kipimo cha kumi na mbili:
sauti ya tatu akaipa la.
Inakwaruza. Kila mgeni hugeuza shingo.
Miaka thelathini hapa Kurasini tumeimba kosa
hata kosa limepata ubatizo.

Jumanne, umeme umekatika.
Jasho linatuchora migongo.
Mwalimu Eliufoo anahesabu vichwa:
soprano sita,
alto wanne, mmoja ananyonyesha,
besi mimi na Mbazi wa bandarini.
Sauti ya tatu?
Kimya.
Wamepanda mabasi ya alfajiri, Rombo, Machame, Usangi.
"Wamekwenda kuhesabiwa," anasema Nakijwa,
utani ule ule wa kila Desemba,
nasi tunacheka kama tunavyolipa ada.

Kisha kicheko kikatukwama.
Si ndivyo habari yenyewe inavyoanza?
Kila mtu kwao, kuandikwa jina,
na mtoto akazaliwa
pale ambapo hakuna aliyekuwa anahesabu.

"Tuimbe," akasema Mwalimu.
"Nafasi yao iacheni wazi. Msiizibe."

Tukaimba tukiwa na tundu katikati,
kama mdomo wa mtoto wa miaka saba.
Cha tisa. Cha kumi.
Ng'ambo ya ukuta, muuza nyama
akavuta kamba ya jenereta yake,
ikakohoa, ikakohoa,
ikashika so.

So ndefu, nene, ya dizeli,
ikaingia kipimo cha kumi na mbili
na kukaa ndani yake
kama mwenye nyumba aliyerudi.

Mkono wa Mwalimu ukaganda hewani.
"Nani ameimba so?"
Tukatazamana.
Mbazi akaonyesha ukuta kwa kidevu.

Kumbe hivi ndivyo ulivyotaka,
wewe wa herufi mbili,
wewe uliyeyaandika haya vidole vikiuma kwa baridi.

Mwalimu akatoa kalamu mfuko wa shati,
akaishikilia juu ya ile la
muda mrefu.
Akairudisha.
"Watakaporudi Januari," akasema,
"tutawaambia nini?"