Alama za Moshi

Chupa tatu zimesafiri kutoka Ufaransa
ndani ya soksi za mkwe wangu,
na karatasi ya maelekezo, mwandiko wa Limi:
Mama, usiipoze sana, wala usiiache ipate joto.
Nyuzi kumi na sita.
Nyuzi kumi na sita, Isevya, mwezi wa Oktoba!
Hata mtungi wenyewe unatoka jasho.
Nimezilaza kwenye beseni chini ya kitanda,
nikazifunika gunia bichi kama wagonjwa wa homa.

Kizibuo hatuna.
Ntabo, mkaguzi wa tiketi mstaafu,
ameingiza parafujo ya bawaba, akavuta kwa koleo,
kisha akakigeuza kizibo pande zote mbili
kana kwamba anatafuta tarehe ya safari.
Bilauri ni zile za chai, zenye maua.

Tazama kwanza, kaandika Limi.
Mwanangu, umesahau nani kakufundisha kutazama?
Miaka thelathini na moja kwenye ghala la ushirika
nimeinua asali dirishani, mwanga ukapita,
nikaijua ya mtundu, nikaijua ya muba,
kabla mwenye ndoo hajanisalimia.
Basi hii: wekundu wa choya iliyosahauliwa jikoni,
ukingoni hudhurungi, kutu ya reli.

Zungusha. Nimezungusha.
Nusa.
Ntabo kasema inanuka duka la dawa.
Mimi nimepata furu zilizoivia mchangani,
ngozi ya begi la shule lililonyeshewa,
na chini kabisa, akiingia kwa kuchelewa
kama mgeni mwenye aibu,
moshi.

Nimeiweka bilauri mezani.

Kwenye karatasi ya Limi moshi unasifiwa.
Wanayachoma mapipa kwa makusudi, Mama,
na wanunuzi wanaulipia.
Wanaulipia!
Mimi moshi nimeukatia alama tano kila ndoo.
Nimewarudisha watu wa Sikonge na baiskeli zao,
ndoo mbili nyuma, moja kwenye mpini,
vumbi mpaka kwenye kope,
kwa sababu ya moshi.

Tena nilimrudisha Nkwabi,
wakati huo si mume wa mtu.
Alirina mzinga wa gome usiku, peke yake,
nyasi za kufukizia zikiwa mbichi,
moshi ukazama masegani.
Akaleta ndoo moja tu, imefungwa kwa kanga ya mama yake.
Nilichovya kijiti.
Msimu mzima sikuwa nimeonja asali kama ile.
Nikaandika: daraja la pili. Moshi.
Hakubisha. Alisema, "Ulimi wako hauna ndugu,"
akabeba ndoo yake.
Msimu uliofuata alikuja kuposa.

Ntabo amemimina tena.
Anasema bilauri ya tatu ndiyo inayoongea.
Nimelichukua daftari la zamani, kurasa za nyuma bado tupu:
Rangi, nane.
Harufu, nane na nusu.
Ukakasi, unashika kaakaa kama ganda la komamanga; saba.
Utamu, hakuna, na inasemekana si kosa.
Urefu: nimemeza, nikahesabu,
treni ya Mpanda ikapiga honi, ikanyamaza,
ladha bado ipo.
Moshi:

Hapo kalamu imegoma.

Chupa ya pili imegeuka siki njiani.
Hiyo haikuhitaji karatasi ya mtu;
kesho ni ya kachumbari.
Ya tatu nimeiacha ilale, Limi atakuja Desemba,
au atasema atakuja.

Ntabo ameondoka akiimba majina ya stesheni,
Malongwe, Nyahua, kwa sauti ya kipaza.
Nimefungua kurasa za mbele,
nikapita wanyonge wangu wote, jina kwa jina,
mpaka ndoo moja, kanga, daraja la pili.
Sikufuta. Daraja likishaandikwa limeandikwa,
na asali ile ilikuwa na moshi, leo pia ningesema.
Nimechovya kidole tu kwenye masalia ya bilauri,
nikakibonyeza pembeni ya jina lake.
Doa limenywea karatasini, limekuwa la zambarau,
halikauki upesi.