Pambizoni

Daftari la kwanza lilinunuliwa Tabora mjini, senti themanini,
jalada jeusi, mgongo mwekundu,
mwaka ule mvua ilipokatika karanga hazijashika.
Risiti ipo. Bibi Kalunde hakuwa mtu wa kutupa risiti.

Ukurasa wa kwanza: Chama cha Wana wa Lugendo, Isevya.
Kiingilio shilingi moja. Atakayechelewa, faini yake kuku.
Wanaume kumi na wanane waliweka sahihi,
kumi na mmoja kwa dole gumba,
na yeye akaitwa kutoka jikoni aje aandike,
kwa kuwa masista wa Ndala walimfunza hati ya mlazo
na hapakuwa na mwingine aliyejua herufi kubwa inaanzia wapi.

Nia yao ilikuwa kuzikana tu:
sanda, mbao, mkokoteni wa kukodi, sukari ya matanga.
Lakini maiti naye ana maswali.
Mwana wa nani? Alazwe ubavuni kwa nani?
Kila msiba ukadai jina lililo juu yake,
jina hilo nalo likadai jingine,
wakajikuta wanaupanda ukoo usiku
kama mrina asali kwenye mninga,
tawi halionekani, mguu unalitafuta.

Azimio la nne: yaandikwe majina ya baba peke yake.
Mama ni wa kwao, walisema, wataandikwa huko.
Akaandika kama alivyoagizwa, wino wa buluu, mstari umenyooka.
Kisha nyumbani, watoto wamelala,
akachonga kalamu ya risasi kwa kisu cha mboga
na pambizoni akawapanga, wadogo kama sisimizi:
Nyanzala, aliyezaa saba wakabaki wawili.
Mwashi, alijua dawa ya degedege, hakumfundisha mtu.
Mke mdogo wa Nkwabi, jina lake la kwao hakulisema,
aliletwa kutoka Manyema kwa miguu, si kwa kupenda.
Bintiye Sikuzani, kovu la moto mkono wa kushoto,
akachukuliwa na msafara, Ujiji.

Chama kilikufa mara mbili.
Mara moja vijiji vilipohamishwa, lori likapakia watu na mbuzi,
daftari likabaki darini na mchwa.
Mara ya pili mweka hazina alinunua baiskeli.
Hilo tulikubaliana tusiliseme, na nimelisema.

Mwaka juzi treni ya Kigoma ilichelewa saa kumi na nne.
Akashuka mzee Feruzi, kiatu kimoja kimefungwa kamba,
na jina moja tu mdomoni, Sikuzani,
alilopewa na mama yake, naye alipewa na wake.
Baba? Hakuwa na baba wa kutaja.
Wakubwa wetu wakakunja uso:
huyu anataka kiwanja. Huyu ni uzao wa mjakazi.
Nikautafuta wino. Kimya, kurasa nane.
Nikalisogeza daftari dirishani, mwanga uje kwa ubavu,
maana risasi imefifia, inasomeka kwa mng'aro wake tu.
Sikumuuliza kitu. Mzee alishaanza mwenyewe kueleza,
bibi wa bibi yake, ule mkono, wa kushoto,
alisonga ugali akiuficha ndani ya khanga.

Kura zilikuwa tisa kwa nane.
Wale wanane bado wananisalimia kwa kidevu.

Sasa kijana wetu anaingiza majina kwenye kompyuta.
Jana kaniuliza, shangazi, haya ya pembeni niyaweke wapi?
Nikamwambia, anza nayo.

Ila nilitaka kusimulia jioni ile ya kura.
Feruzi aliomba asome kanuni, akavaa miwani ya mtu,
akafuata mistari kwa kidole, akanyanyuka, akatoka.
Tukadhani kakasirika.
Akarudi magharibi na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa ukili,
akamweka mezani juu ya mihtasari.
"Nimechelewa," akasema. "Miaka mia na ushee.
Sijui kama mmoja anatosha."