Siku Kumi na Moja

Bwana Onditi wa kodi alishuka Luanda asubuhi,
viatu vina vumbi jekundu la Bunyore,
akanunua kwanza misumari ya inchi tatu, nusu kilo,
aone kama nitampa risiti.
Nikampa.
Akaisoma mbele na nyuma kama barua ya posa,
ndipo akatoa kitambulisho.

"Mama Khayesi, naomba za Machi, mwaka juzi."

Sheria naijua. Miaka mitano, hakuna kutupa.
Nikateremsha boksi la viatu kutoka darini,
nikafungua kamba, nikapuliza mavi ya mende,
na zote, jamani, zote zilikuwa nyeupe.
Nyeupe pe, kana kwamba Machi ile
hakuna aliyejenga, hakuna aliyeziba paa,
hakuna aliyenunua hata bawaba ya mlango wa choo.
Karatasi ya mashine haipatani na joto,
na duka langu ni bati juu, bati ubavuni.
Wino haukumwagika. Ulijiondokea tu,
polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga.
Moja pekee ilibakiza maneno, chini kabisa:
KARIBU TENA.

Jasho likanitoka. Ndipo nikakumbuka daftari.

Andati, marehemu mume wangu, hakuiamini mashine.
Aliinunua kwa sababu ya barua yenye mhuri,
akaifunika kitambaa kama redio ya mamake,
na kila jioni, ikishatema ripoti ya siku,
alivuta taa karibu akanakili kwa kalamu ya buluu:
namba, tarehe, mauzo, kodi.
"Hii kitu inakula maandishi yake yenyewe," aliniambia.
Nikamcheka, nikamwita karani wa mkoloni.
Naye akacheka, akalowesha kidole, akafungua ukurasa.

Sasa kidole kilikuwa cha Bwana Onditi.
Kilishuka juu ya mwandiko uliolala kulia,
juu ya saba zilizokatwa kiunoni,
mia nne na kumi, mia nne na kumi na moja,
na kumi na mbili,
kikasimama.

"Namba zinafuatana. Tarehe hazifuatani.
Siku kumi na moja hamkuuza kitu?
Na mwandiko umebadilika."

Nilitafuta neno la kiofisi, sikulipata.
Mia nne na kumi na mbili ni ya mwisho ya mkono wake.
Mia nne na kumi na tatu ni yangu,
herufi zimesimama wima kama watoto wa gwaride,
kodi nimeikosea, nimekata, nimekosea tena.
Katikati hakuna mstari.
Daftari halina safu ya matanga,
ya watu waliolala uani na moshi wa magogo mabichi,
ya misumari tuliyoitoa rafuni
bila kuipigia mashine
kwa ajili ya jeneza.

Hayo ya misumari yalinitoka tu. Hakuniuliza.

"Kilo ngapi?" akasema, taratibu.
"Moja na robo."
"Mali ya duka ikitumiwa na mwenye duka, nayo huandikwa."
Nikamtazama. Uso haukuwa na ubaya.
Alikuwa mtu aliyetumwa kuhesabu,
na aliposema "pole" alivua kofia kwanza.
"Andika tu. Pembeni weka tarehe ya leo,
isije ikaonekana tulidanganya."

Nikachukua kalamu. Kati ya mistari miwili iliyobanana,
kwa herufi za kuwaogopesha wenye miwani:
Misumari, kilo moja na robo.
Mnunuzi: Andati.
Malipo:
na hapo nikasita, na yeye hakunihimiza.
Lori la mchanga likapita, vikombe vikalia rafuni.

Siku hizi nikifunga hesabu napeleka ripoti kwa Nabwire,
shilingi tano nakala moja;
wino wake ni wa unga, haukimbii jua.
Sheria imeshiba, nami silali na wasiwasi.
Kisha narudi, navuta taa karibu,
nanakili kwa mkono,
na saba zangu, sijui tangu lini,
nimeanza kuzikata kiunoni.