Nusu Lita

Ulirudi kutoka zahanati ukasema, "Ni namba tu,"
ukaibandika karatasi kwenye friji
kama bili ya umeme isiyo na haraka.
Kumi na moja nukta nne.
Hukusema ilipaswa kuwa ngapi.
Nilimuuliza Maarit kwa simu, usiku, nikiwa bafuni,
bomba nimelifungulia ili usisikie.

Miaka thelathini na moja umeendesha treni ya chuma
gizani, kutoka Kiruna hadi bandarini,
na kila mlio wa breki uliujua kwa jina.
Lakini kuamka mara nne kwenda msalani
uliita uzee, ukaita kahawa, ukaita baridi.
Tezi dume: hata jina lake lina majivuno.

Barua mbili za kuitwa ukapimwe
nilizikuta kwenye droo ya fyuzi, hazijafunguliwa.
Sikusema kitu. Nilikukaangia samaki,
nikamtia chumvi kwa hasira.
Ulimla wote.

Walikuchoma sindano kumi na mbili, nikiwapo.
Kila moja ililia ta! kama stepla ya karani,
nawe ukanibana kidole cha pete mpaka kikafa ganzi.
Baada ya ya saba ulimuuliza daktari
kama amewahi kukutana na dubu.
Alisema hapana. "Basi bado mdogo," ukasema,
na hapo ndipo nilipojua unaogopa.

Kisha kungoja.
Mji wetu wenyewe unahamishwa, Hilding;
mgodi umekula ardhi chini yake.
Tulisimama barabarani tukiitazama nyumba ya kina Lampa
ikipita juu ya lori, polepole kama bibi harusi,
mapazia yake bado yananing'inia.
"Ufa ulianzia chini," ukasema, "nani angeuona?"
Nilikufunga skafu vizuri zaidi.

Umeå, vikao ishirini vya mionzi.
Nusu lita ya maji, saa moja kabla,
kibofu kijae, kisogee kando ya njia.
Nami nilikunywa nusu lita yangu kila asubuhi,
usibanwe peke yako.
Siku ya tisa mashine iligoma dakika arobaini.
Aliyekimbia alikuwa mimi,
viatu mkononi, korido nzima ikinitazama,
nawe ulicheka mpaka muuguzi akakusihi,
"Mzee, tafadhali, usimwage!"

Nimenunua pedi zako pamoja na maziwa na hamira.
Kijana wa kaunta alizipitisha bila kuinua macho.
Ningemkumbatia.

Kitandani ulinigeuzia mgongo.
"Mimi si yule," uliuambia ukuta.
Nikatafuta jibu la maana, sikulipata,
nikakuwekea unyayo wangu wa barafu
kwenye shavu la mguu,
ukapiga yowe lilelile la mwaka themanini na nne.

Na sasa hizi sindano za homoni, na joto lake.
Saa nane usiku nimeamka, kitanda kitupu,
nimekukuta uani na chupi, peku kwenye theluji,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
mvuke unakutoka mabegani kama chungu kilichofunuliwa.
"Sylvi," ukasema, "ndivyo ilivyokuwa?
Ile miaka yako, nilipogombana nawe
kuhusu dirisha?"

Ndivyo.

Ukasimama kitambo, ukifikiri.
Mbwa wa jirani alitutazama, hakubweka.

Karatasi mpya iko kwenye friji: sifuri nukta tatu.
Hatujaifanyia sherehe. Tutapima tena Machi,
na Machi ikifika sitalala, najijua,
nitafungulia bomba.
Lakini leo njoo ndani, vidole vyako vimekuwa bluu.
Fungua dirisha upendavyo.
Nimeshavaa soksi.