Tisini na Moja

Miaka sita, kila jioni kabla ya kufunga,
Kadzo aliiuliza mashine ya kampuni ya maji, Malindi,
diski imejaa kiasi gani,
akaandika daftarini kwa kalamu nyekundu.

Machi akaitungia programu:
ijipime kila dakika,
ikipita themanini na tano, imwamshe.

Wiki ya tatu simu ikalia. Saa tisa usiku.
Tisini na moja.

Alikwenda kwa miguu, leso juu ya gauni la kulalia,
akapekua ankara, mishahara, madeni ya hoteli:
vyote vimetulia, havina habari.

Kilichovimba ni faili la mlinzi mwenyewe,
mistari kwa maelfu:
nimepima, kuko salama
nimepima, kuko salama
nimepima

Akacheka peke yake. Akalifuta.
Akaanza kutafuta ile kalamu.