Ziwa Lisilo na Ng'ambo

Dawa ya kikohozi ndiyo niliyoisoma kwanza.
Chupa ya kahawia, karatasi iliyokunjwa mara nane,
maandishi madogo kama mayai ya chawa,
upande huu Kijerumani, upande huu Kiitaliano,
na mimi kitandani, homa imenilaza,
nikigundua kwamba Wajerumani huambiwa watikise kabla ya kunywa
na Waitaliano huambiwa mwishoni kabisa,
wameshakunywa.
Nilicheka hadi kikohozi kikarudi.

Bondeni Badia, baba alisema na ng'ombe kwa Kiladino,
na benki kwa Kijerumani,
na askari wa barabarani kwa Kiitaliano, kofia mkononi.
Mama, mzaliwa wa Merano, alihesabu kwa lugha yake
mayai, soksi, siku za mimba ya ng'ombe.
Hadi leo sijui kujumlisha kwa nyingine.

Shuleni kila lugha ilipewa rangi.
Nilipozichanganya zote katika sentensi moja
Mwalimu Irsara alinirudishia daftari
limepakwa kijani, njano, nyekundu,
bendera ya nchi isiyokuwepo.
Niliinamisha kichwa. Moyoni nilikuwa rais.

Vitabu vilikaa juu ya kituo cha zimamoto,
chumba kimoja, Jumatano tu, saa nane hadi saa kumi.
Bi Crepaz, mwenye mafua ya kudumu na ufunguo shingoni,
alisema, "Viwili." Nikachukua viwili,
cha tatu nikakivaa chini ya sweta.
Alikitazama kifua changu chenye pembe nne,
akapenga kamasi,
akasema, "Na fulana hiyo irudi Jumatano."

Bibi Mëna hakusoma.
Si kwamba hakuzijua herufi. Ziliingia kwa fimbo,
za Kiitaliano, enzi ambazo lugha yetu
iliachwa mlangoni pa shule pamoja na viatu vya matope.
Tangu hapo, alisema, akiona ukurasa viganja vinamwasha.
Basi jioni, yeye akimenya viazi, mimi nilimsomea:
macho kwenye Kijerumani, mdomo unatoa Kiladino,
na katikati pale navuka mto ulioganda
bila kujua barafu itanibeba au la.

Usiku mmoja kitabu kikafika baharini.
Neno sikuwa nalo.
Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulihitaji.
Kisu kikasimama ndani ya kiazi.
"Halafu?"
"Halafu akafika kwenye ziwa," nikasema. "Ziwa...
lisilo na ng'ambo."
Ganda refu likaning'inia.
"Lisilo na ng'ambo. Na watu wanaingia humo na mashua?"
"Wanaingia."
"Wajinga," akasema. "Endelea."

Ziwa lile likahamia kwetu.
Deni la trekta likawa ziwa lisilo na ng'ambo.
Mahubiri ya Padre Tone, vivyo hivyo.
Na ule mwaka ambao theluji ilifunika madirisha,
baba akiwa njiani na gari la kuikwangua
usiku kucha, simu imekatika,
bibi aliketi karibu na jiko, akalitaja mara moja tu,
hakucheka.

Neno lenyewe nililijua baadaye,
silabi moja, limekaa kwenye kamusi.
Nikampelekea mbio, kama mtu anayerudisha chenji.
Alilionja, akalitema.
"Hilo halina maji," alisema.

Sasa naishi Torino, nasahihisha vitabu vya wengine.
Huniuliza naota kwa lugha gani.
Huwajibu: inategemea nimekula nini.
Lakini kwenye tramu, ninaposoma kimya kimya,
mwisho wa kila aya husita kidogo,
kidole juu ya karatasi,
nikiacha nafasi ya kisu, ya ganda,
ya ile "Halafu?"

Abiria wa jirani hukunja gazeti lake, hunitazama.
Nadhani anafikiri sijui kusoma vizuri.