Safu ya Maoni

Kila siku saa tatu asubuhi, hapa Hombolo,
nafungua kipimamvua, nachungulia,
naandika sifuri, nukta, sifuri:
uso wenye macho mawili na pua,
usio na mdomo.
Siku thelathini na tisa, uso uleule.
Pembeni mwa fomu kuna safu nyembamba, Maoni.
Sijawahi kuijaza.

Ijumaa waumini wa msikitini walisali uwanjani,
wamegeuza nguo ndani nje.
Jumapili kanisa likafunga.
Na mzee Chilongani, kimyakimya,
akapandisha kondoo mweusi kilimani.
Mimi nilimwona, ni jirani.

Jumatatu usiku ikanyesha.
Thelathini na moja nukta nne.
Asubuhi wote watatu wakapita getini kwangu,
imamu, mchungaji na mzee,
kila mmoja na mvua yake.
"Haya msomi, unasemaje?"
Nikasema upepo umegeuka, unyevu wa Kongo umefika.
Wakacheka. Nami nikacheka.
Ya nini kununa, na uwele ni wetu sote?

Siamini. Nalisema hivi hivi, bila kupiga meza.
Imani haikunitoka kwa kishindo;
ilitoka kama jino la utoto,
nililichezea kwa ulimi, nikalichezea,
siku moja nikakuta pengo.

Wala kifaa changu sikisujudii.
Mwaka juzi mtoto wa Yaledi alikikojolea,
nikaripoti manyunyu.

Usiku mama anatenga ugali wa uwele na mlenda.
"Tuombe," anasema. Wanafumba macho.
Mimi sifumbi. Miaka ishirini sasa sifumbi,
na yeye hajui,
au anajua.
Ndiyo maana katika nyumba hii ni mimi tu
niliyewahi kuuona uso wake akisema na Mungu:
paji linalegea, midomo inakimbizana,
kama mtu anayemweleza daktari habari
za mgonjwa aliyebaki nyumbani.

Leo alitaja jina langu.
Jicho lake moja likafunguka, likanikuta.
Halikukasirika.
Likafumba tena, naye akaendelea
pale pale alipoishia:
mbegu, mbuzi, bati linalovuja,
huyu mwanangu.